Filamu nyeusi ya dakika tisa: shajara ya kazi yetu Tanga

7 Septemba 2024. Tunaanza

Tuko watatu: mimi ninayeandika mswada na kuongoza, binamu yangu mwenye kamera, na fundi umeme wa mtaani kwetu Ngamiani ambaye hajawahi kutazama filamu nyeusi hata moja. Tumechanga Sh 600,000. Lengo ni filamu moja ya dakika tisa, nyeusi na nyeupe, yote ya usiku. Ninaandika hapa kila hatua ikiisha ili anayetaka kujaribu asichome pesa pale tulipochoma sisi.

Kwa asiyejua: filamu nyeusi ni filamu za uhalifu zilizotengenezwa Marekani kati ya miaka ya mwanzo ya 1940 na mwisho wa miaka ya 1950. Waliozitengeneza hawakuziita nyeusi. Jina lilitoka Ufaransa. Wakati wa vita, Wajerumani walipoikalia Paris, filamu za Hollywood hazikuingia. Mwaka 1946 zikamiminika kwa mkupuo, na mhakiki Nino Frank akaona kitu kimoja kinazipitia kadhaa kati yake: giza, usaliti, na hadithi isiyojali sana nani muuaji. Akaandika "film noir", filamu nyeusi, na jina likaganda.

Hadithi yetu: askari kanzu mstaafu anaitwa na mjane wa tajiri wa mkonge amtafutie hati ya nyumba iliyopotea. Hati haikupotea.

21 Septemba. Mswada wa kwanza umetupwa

Nimeandika kurasa kumi na moja na nimezichana zote. Mhusika wangu alikuwa akiongea kama kikaragosi kilichovaa koti: kila sentensi kauli kali, kila jibu mzaha mkavu. Nilipomsomea mama mkwe akaniuliza, "Huyu baba ana hasira na nani?" Sikuwa na jibu.

Kosa langu lilikuwa kuiga maneno na kuacha kazi yanayoifanya. Msimulizi wa filamu nyeusi anasimulia jambo ambalo tayari limeharibika. Katika Double Indemnity ya Billy Wilder, 1944, wakala wa bima anaingia ofisini usiku akiwa na jeraha la risasi na kukiri kosa lake kwenye mashine ya kurekodi imla. Katika Sunset Boulevard ya 1950, anayesimulia ni maiti. Mtazamaji anajua mwisho tangu mwanzo, kwa hiyo anachokitazama ni namna mtu anavyotembea kwa miguu yake mwenyewe hadi shimoni.

Mashine ya imla kwetu ni nini? Binamu ndiye aliyepata jibu: ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Askari kanzu wetu ameketi kwenye ngazi, simu mdomoni, anamrekodia mwanawe aliyeko Muscat. Anaongea kama baba anavyoongea na mwana, kwa kuzunguka, kwa kuulizia afya ya wajukuu kwanza, na jambo lenyewe linatoka vipande vipande. Mswada wa pili nimeumaliza kwa siku tatu.

Kuna koti refu la mtumba nililonunua Sh 22,000. Mwigizaji alilivaa dakika kumi katika joto la Tanga, na jasho likamfanya aonekane mgonjwa wa malaria. Limekwenda kabatini. Kofia tumeibakiza kwa sababu ina kazi: ukingo wake unatupa kivuli machoni na kuwacha mdomo tu ukionekana. Kofia ya mkono haina ukingo. Pama la wazee wa mjini linao, Sh 15,000, na hapa hakuna atakayemwuliza mzee kwa nini kavaa pama.

5 Oktoba. Jaribio la kwanza la mwanga: hovyo kabisa

Tulidhani filamu ya giza inapigwa gizani. Tukazima taa zote, tukawasha taa moja ya LED ya bei rahisi ya kuchomeka ukutani, tukapandisha ISO ya kamera, yaani wepesi wake wa kunasa mwanga, hadi 6400. Picha ikajaa chengachenga kama televisheni ya zamani isiyo na antena, na ule weusi tuliousubiri ukawa kijivu cha maji ya dengu.

Pia ile LED ilichora mistari myeusi iliyokuwa ikitambaa juu ya picha. Hilo lilitugharimu usiku mzima wa kulaumu kadi ya kumbukumbu. Sababu ni umeme wetu wa hezi 50: taa za bei rahisi zinapepesa kufuata mkondo, na sisi tulikuwa tunapiga fremu 24 kwa sekunde. Tumehamia fremu 25, shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) 1/50 ya sekunde, mistari ikatoweka. Kama unafuata shajara hii, anzia hapo.

Kuhusu giza, fundi umeme ndiye aliyetufumbua macho bila kujua. Alisema, "Nyinyi mnataka kiza, mimi nawaambia leteni taa kali." Ndivyo ilivyokuwa Hollywood pia. Mikanda ya filamu waliyotumia haikuwa na uwezo wa kunasa mwanga mdogo hata kwa kiasi cha simu ya leo, kwa hiyo walimimina mwanga mwingi mahali pachache na kuziba pengine pote. Giza lilikuwa ni pale ambapo taa imezuiwa isifike. Tumenunua taa tatu za haloji za wati 500, zile za mafundi ujenzi, Sh 28,000 kila moja. ISO imeshuka hadi 800. Sasa cheusi ni cheusi.

Hasara ya siku: ekstensheni ya Sh 35,000. Tuliiacha imezungushwa kwenye kigurudumu chake huku taa tatu zikiwaka, ikapata moto, ikayeyuka na kunuka. Waya ulioviringwa hauna pa kupumulia. Mpya, Sh 45,000, tunaikunjua yote kabla ya kuchomeka chochote.

12 Oktoba. Vivuli vya dirisha, na somo la luva

Ile michirizi ya kivuli ukutani, mwanga uliopita kwenye pazia za vibao, ndiyo alama ambayo hata asiyejua filamu nyeusi anaitambua. Watu huiona ni pambo. Mimi naiona ni hila ya bei rahisi, na naipenda kwa sababu hiyo: chumba kitupu, ukuta mtupu, na tayari mtu aliyesimama pale anaonekana yuko nyuma ya nondo.

Tulikata kadibodi vipande vya sentimita tano, tukavipaka rangi nyeusi, tukavitundika kwenye kamba. Sh 18,000. Vilipinda kwa joto la haloji ndani ya robo saa.

Ndipo tukakumbuka tulipo. Nyumba tuliyoazima ni ya bibi mmoja, nyumba ya zamani ya ghorofa, madirisha yote ya luva za mbao. Tulicheka wenyewe. Tukapandisha taa juu ya ngazi nje ya dirisha, tukawasha, tukakimbilia ndani. Kiza! Hata mchirizi mmoja hakuna.

Fikiri kidogo na utaona ujinga wetu. Luva zimelazwa mshazari, zikiinamia nje, ili jua la juu na mvua visipite. Zinafanya kazi ileile zilizoundiwa. Tuliposhusha taa chini barabarani mwanga ulipita, lakini ulipanda darini, na vivuli vikaning'inia juu ya kichwa cha mwigizaji kama feni.

Dawa: tulimwomba bibi ruhusa, tukaling'oa bawa moja la dirisha, tukaligeuza chini juu na kulifunga kwenye stendi ndani ya chumba. Sasa luva zinainamia upande wa pili na mwanga wa juu unashuka ukutani kama kwenye filamu zenyewe.

Vivuli vilikuwepo lakini vya ukungu ukungu. Tulihangaika saa mbili. Yaliyosaidia ni haya. Taa isogezwe mbali na luva, mita nne au tano, na luva zisogezwe karibu na ukuta. Kioo kinachong'aa nyuma ya balbu kinaikuza taa na kulainisha kivuli, kwa hiyo fundi alikipaka masizi ya sufuria. Na la tatu, ambalo sijaliona likiandikwa popote: balbu ya haloji ni kijiti kirefu. Kijiti kikilala sambamba na luva, kivuli kinakatwa kama kwa wembe. Ukiisimamisha taa kwa ubavu, kivuli chote kinayeyuka. Tuliligundua kwa sababu taa ilianguka.

Zawadi ya bibi Sh 50,000, kusafirisha vitu Sh 10,000.

19 Oktoba. Nyuso

Siku hii ndiyo iliyonifundisha zaidi, na ndiyo iliyonikera zaidi.

Maelekezo yote ya kuwasha taa kwa mtindo huu yanasema jambo moja: taa kuu kali upande mmoja, taa ya kujaza, ile inayolainisha vivuli, punguza mpaka karibu na sifuri, nusu ya uso iachie giza. Tulifuata neno kwa neno. Askari kanzu wetu ni mweusi wa kweli kweli, na tuliyempata kwenye kioo cha kamera ni pama, jicho moja na kola ya shati. Uso haupo.

Tuliongeza nguvu ya taa. Kola ikaungua ikawa nyeupe tupu, shavu likawa na rangi ya majivu. Binamu akasema tupandishe uso kwenye kompyuta baadaye. Nilikataa, kwa sababu nilishaona zile chengachenga.

Maelekezo yale yaliandikwa na watu waliokuwa wanawasha nyuso za wazungu. Ngozi yao inarudisha mwanga mwingi, kwa hiyo kazi yote ni kuupunguza. Ngozi yetu umbo lake linasomeka kwa mng'ao: kile kinachometa kwenye paji la uso, mfupa wa shavu, daraja la pua. Mng'ao huo ni taswira ya kitu cheupe kilicho mbele ya uso, kama kwenye kioo. Kwa hiyo tuliacha taa ile ile, tukatundika shuka jeupe pembeni, nje kidogo ya fremu, na taa ikapiga shuka kwanza. Mafuta ya nazi kidogo usoni, yakasambazwa kwa kiganja. Uso ukatoka gizani mzima, umechongeka, na upande wa pili ukabaki mweusi tulioutaka. Gharama yake ilikuwa ndogo.

Usifute mng'ao kwa poda. Dada wa vipodozi aliyekuja kutusaidia alikuwa keshapaka poda kwa mazoea, ikabidi anawishwe.

Tatizo la pili lilikuwa mjane. Buibui jeusi, ukuta mweusi: uso na mikono vinaelea hewani kama jini. Tulijaribu khanga ya nyekundu na kijani tukifikiri itapambanuka, lakini ndani ya nyeusi na nyeupe rangi hizo mbili ziligeuka kijivu kimoja na maua yote yakapotea. Tulirudi kwenye buibui na kuweka taa ya mgongo, juu nyuma yake, ikichora uzi mwembamba wa mwanga begani na kichwani. Sasa anatengana na ukuta kwa uzi ule tu, na nadhani ni picha nzuri kuliko zote tulizopiga. Tangu siku hiyo kiwambo cha kamera tumekiweka kwenye nyeusi na nyeupe tangu asubuhi, ili macho yasidanganywe na rangi.

Neno juu ya mjane mwenyewe. Mwanamke wa filamu hizi huandikwa kama mtego: kaja, kamponza mwanamume, kafa. Dada yetu mwigizaji alisoma mswada akauliza, "Kwani huyu hati si ya nyumba yake?" Ni kweli. Kaka za marehemu wanataka kumtoa, naye anamtumia askari kanzu kwa sababu hana mwingine wa kumtumia. Nimeandika upya onyesho lao la jikoni. Bado anadanganya, ila sasa tunajua anachokilinda.

2 Novemba. Moshi

Mwanga hauonekani hewani mpaka hewa iwe na kitu. Inasimuliwa kuwa John Seitz, mpiga picha wa ile filamu ya wakala wa bima, alirusha chembe za alumini hewani ili vumbi la ndani ya nyumba lionekane kwenye miale ya jua. John Alton, mpiga picha mzaliwa wa Hungaria aliyeandika kitabu cha kuchora kwa mwanga mwaka 1949, alimalizia The Big Combo ya 1955 kwa ukungu, taa moja, na vivuli viwili vya watu.

Binamu alipendekeza unga wa ngano. Hapana! Unga uliotawanyika hewani karibu na haloji inayochoma ni bomu. Tulichukua chetezo, makaa na ubani, Sh 7,000 kwa usiku mzima.

Chumba kilijaa moshi na kwenye kamera haukuonekana. Taa ilikuwa upande wa kamera. Tulipoihamisha nyuma ya moshi, ikiielekea kamera na kufichwa na nguzo, miale ikasimama hewani kama mbao. Ubani ukizidi mwigizaji anakohoa na sauti inaharibika, kwa hiyo tulifukiza, tukatoa chetezo, tukahesabu hadi sitini, ndipo tukapiga. Majirani wawili walipanda juu kuuliza kuna mganga gani. Mmoja alibaki kutazama, na ndiye mkono unaoonekana ukifunga mlango dakika ya sita.

16 Novemba. Barabara iliyolowa

Barabara yenye maji inafanya taa moja kuwa mbili. Tuliagiza boza la maji, Sh 60,000, likamwagwa kwenye mtaa wetu. Mtaa wetu ni wa mchanga. Ulikunywa maji yote ukabaki na rangi ya kahawa, hauakisi hata mbalamwezi, na watoto wakapata tope la kuchezea.

Inahitajika lami. Wiki iliyofuata mvua ya vuli ilinyesha jioni bila kutuuliza, ikakata saa mbili usiku, nasi tukakimbia na taa kwenye kipande cha lami nyuma ya maghala. Kwa maji ya Mungu tukapata picha nne kabla lami haijakauka. Kanuni ni ileile ya moshi: taa ikuelekee wewe, mtu awe katikati. Taa ikiwa mgongoni kwako, lami iliyolowa inakuwa nyeusi zaidi ya ile kavu.

Haloji na mvua havipatani. Tone moja likigusa balbu ya moto inapasuka. Fundi alizijengea paa la bati na kuikalia ekstensheni kwenye kiti cha plastiki kama kuku anayeatamia.

23 Novemba. Bajaji

Katika Gun Crazy ya Joseph H. Lewis, 1950, kuna wizi wa benki ambao hatuingii benki kabisa. Kamera imeketi kiti cha nyuma cha gari tangu wanapofika hadi wanapokimbia, bila kukata. Ilikuwa ni njia ya kuokoa fedha, na inatisha kuliko wizi wowote uliojengewa benki.

Sisi tuna bajaji. Kukodi usiku mmoja na dereva wake, Sh 40,000. Binamu nyuma, askari kanzu pembeni yake, wanafuata gari la kaka wa marehemu kwa dakika mbili mfululizo. Tulipiga mara tano. Mara ya kwanza dereva aliitikia simu. Mara ya pili abiria alisimamisha bajaji akataka kupanda. Ya tatu na ya nne giza tupu, maana taa za barabarani pale haziwaki. Ya tano tulifunga taa ndogo ya kuchaji chini ya usukani, ikimulika kidevu cha dereva kutoka chini, na nje tukaacha giza lipite.

Sauti haikufaa chochote, injini imemeza kila neno. Tumeifuta na kuweka ule ujumbe wa WhatsApp juu yake. Onyesho limekuwa bora, na ninakiri halikuwa wazo letu, injini ndiyo iliyoamua.

14 Desemba. Kuhariri, na mwisho

Uhariri wenyewe ulikwenda wiki mbili bila la kusimulia. Kilichotushinda ni mwisho.

Hollywood ya wakati ule ilikuwa chini ya kanuni za maadili zilizosimamiwa kwa ukali kuanzia 1934: mhalifu lazima alipe. Waandishi waliminywa, na kwa kuminywa huko wakaja na ajali na bahati mbaya zinazomfuata mtu kama deni. Mimi hakuna aliyenibana, na mswada wangu ulimpeleka askari kanzu polisi. Tulipoutazama ukaonekana kama tangazo la serikali. Tumekata sekunde arobaini. Sasa anamaliza ujumbe, kidole kimebonyeza kitufe, na anamwambia mwanawe "nisalimie wajukuu". Anakiachia? Tunakata kabla.

Nafasi ya muziki tumeiachia ukimya na mashine ya kusaga ya jirani. Dakika nane na sekunde hamsini.

Kwa hesabu: chakula cha usiku wote Sh 96,000, nauli za waigizaji Sh 80,000, shuka, mafuta na vikorokoro Sh 12,000, seremala wa kurudisha dirisha Sh 20,000. Pamoja na yaliyotajwa juu ni Sh 594,000. Kati yake Sh 135,000 ni koti, kadibodi, ekstensheni iliyoungua na maji yaliyonywewa na mchanga.

17 Desemba. Nyongeza

Bibi mwenye nyumba amepiga simu alfajiri. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akasema, "Mwanangu, dirisha lenu linaninyeshea kitandani." Seremala alilirudisha bawa kama alivyolikuta kwenye stendi, chini juu. Tunakwenda leo mchana na ngazi. Zimebaki Sh 6,000.